Nilimnunulia Mume Wangu Saa ya Mkono wa Kaka Yangu

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa mbele ya cherehani yangu na pazia la mteja halijafika hata nusu, kwa sababu mikono inashona lakini akili haipo, na naomba unisaidie kwa jambo ambalo nikimweleza mtu anayenijua atacheka kwanza ndipo anionee huruma, maana linaanza na saa.

Mume wangu ni fundi wa magari, mtu mwembamba, na mikono yake ndiyo myembamba zaidi, kazini wanamwita Sindano na jina hilo halimuudhi kwa sababu ndilo linalotulisha. Nati ikidondokea nyuma ya injini, mahali ambapo mikono ya mafundi wengine inagoma njiani, anaitwa yeye, anafumba macho, anaingiza mkono, anapapasa, anatoka nayo, na gari ambalo lingefunguliwa vitu chungu nzima linaondoka siku hiyo hiyo, mpaka gereji za jirani zinakuja kumwazima. Haya yote nayajua, na niliolewa nikiyajua.

Sasa mimi nina kaka watatu, wote watu wa miili, na kila tukienda kumsalimia mama lazima wamtanie shemeji yao, na utani wa mashemeji ni wa kawaida, sikatai, lakini siku moja kaka yangu mkubwa, huyo tunamwita Bonge, alimshika mume wangu mkono mbele ya watu wote sebuleni, akauzungushia vidole viwili vikakutana na nafasi ikabaki, akamuuliza, "Shemeji, huu ni mkono au ni mwiko?" Watu walicheka, mume wangu naye akacheka, mimi sikucheka. Na hapa ndipo pagumu, mshauri, nisikufiche: sikumwonea aibu kaka yangu kwa utovu wake wa adabu, niliuonea aibu ule mkono.

Bonge alikuwa amevaa saa janja, zile za kupima mapigo ya moyo na kupokea ujumbe wa simu, kubwa, nyeusi, imejaa mkononi kwake ikapendeza, nikajiambia kumbe dawa ni hii, nikimvalisha mume wangu saa kama ile mkono utapata heshima. Nikadunduliza, nikamwomba Bonge anisindikize dukani, na muuzaji akatoa mbili za aina moja, kubwa na ndogo, akanieleza kwamba kazi zake ni zile zile, ila kubwa kioo chake kinasomeka kwa urahisi na chaji inakaa zaidi, halafu akaniuliza mwenye kuivaa ana mkono wa unene gani. Nikamjibu ni mwanaume. Akasema dada, wanaume nao hawalingani, mzungushie uzi mkononi akiwa amelala kisha uje nao nikupimie. Mimi, ambaye sijawahi kukata kitambaa cha dirisha ambalo sijalipima, nikamwambia hakuna haja, nikamvalisha Bonge, ikamkaa sawasawa, nikalipa tukaondoka.

Nilimkabidhi mume wangu nyumbani kwa mama, makusudi, kaka zangu wote wakiwepo, nikamfunga mwenyewe, na kwa kuwa watu walikuwa wanashangilia nami nikanogewa, nikasema kwa sauti, "Siku ukiivua hii, nitajua umeniacha." Wakapiga makofi. Yeye akaitazama saa, akanitazama mimi, akasema asante.

Mshauri, ile saa haijamkaa sawasawa mkononi hata siku moja. Mkanda ulipofika tundu la mwisho ulikuwa bado unacheza, akatoboa tundu jingine kwa msumari wa moto, bado ikawa inazunguka na uso wake unaangalia chini, akaokota kipande cha kitambaa kwenye mabaki yangu ya mapazia akakikunja akakiweka chini yake. Ikatulia, lakini tangu hapo inasoma mapigo ya moyo wake inavyotaka yenyewe, siku moja anakunywa chai ametulia inamwambia anakimbia, siku nyingine haioni mapigo kabisa. Akikunja kiganja kwa nyuma kile kitufe cha pembeni kinamchoma, kimemwachia alama. Usiku akigeuka ananikwangua nayo na kioo kinawaka. Na hajawahi kulalamika.

Halafu likatokea la gereji. Aliingiza mkono nyuma ya injini ambayo ilikuwa bado ya moto, saa ikapita kwa kulazimisha, lakini wakati wa kutoka ikanasa kwenye bomba, akawa hatoki wala haingii, na mwenye gari amesimama pale pale anaangalia. Ilibidi wenzake wafungue vitu kumtoa yeye badala ya kufungua kutoa nati. Mkono umechunika na kuungua. Haya sikuambiwa na yeye, niliambiwa na fundi mwenzake aliyekuja kumjulia hali, ambaye alisema pia kwamba mwenye gereji amemwambia mume wangu achague, aivue saa akiwa kazini au zile kazi za ndani apewe mtu mwingine, na mume wangu akajibu, "Hii ni ya mke wangu," akaendelea kuivaa. Kazi zimeanza kupewa mwingine.

Jioni ile nilimuuliza kwa nini haivui, akanijibu kwa upole kwamba nilisema mbele ya watu wa kwetu asiivue. Nikamwambia ule ulikuwa mzaha, akasema sawa, na asubuhi akaivaa mkono wa pili, ule usio na kidonda. Nilipokuwa namsafisha kidonda alisema tu, "Hii ingemkaa kaka yako." Nikamjibu ni kweli, Bonge ana mkono mnene.

Kaka zangu nao wanashauri ale ashibe anenepe. Mimi ninaogopa, mshauri. Siku nyingine itanasa kwenye kitu kinachozunguka. Nifanye nini aivue bila yeye kujua kwamba niliinunua kwa sababu ya aibu? Na hizi saa kubwa zina watu wake, au kosa ni la mkono wake? Nikimbadilishia ndogo si ataonekana amevaa ya kike?

Ni mimi, Mshona Mapazia.

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili sikucheka. Nikupe pole kwanza, kwa sababu unampenda mumeo na hofu yako ni ya kweli. Pole imeisha, tuendelee.

Nianze na saa, maana hiyo ndiyo nyepesi. Saa kubwa ina watu wake na wala si wabaya. Mtu mwenye macho hafifu atasoma ujumbe bila kuhangaika na miwani. Mtu anayeshinda mbali na umeme atashukuru chaji inayodumu. Na usidhani unene pekee ndio unaoamua: kuna mikono miwili ya unene mmoja, mmoja umelala bapa kwa juu na mwingine ni wa mviringo, na ule bapa utaibeba saa kubwa ikatulia wakati wa mviringo utaiangusha pembeni kila mara. Kwa hiyo anayenunua kwa jinsia amenunua kwa macho ya watu. Mkono hauna kosa. Uliletewa saa ya mtu mwingine, na mkono haujui kusema uongo.

Ya kumfaa mtu kila siku utaijua hivi. Uso wake usivuke kingo za mkono. Ukiangalia kwa juu ukaona vishikio vya mkanda vinaning'inia hewani, ni kubwa, rudisha. Ikae juu kidogo ya kile kifundo cha mkono, ukubwa wa kidole kimoja, si juu ya kifundo chenyewe. Mgongo wake uguse ngozi, maana hapo ndipo panaposoma mapigo. Mumeo ameweka kitambaa katikati, kwa hiyo hiyo saa imekuwa ikipima moyo wa pazia. Akunje kiganja nyuma na mbele asichomwe. Alale nayo usiku mmoja. Ikipita hapo, mfungie mkanda wa kitambaa wa kubana na kuachia, ule usiohitaji tundu, na hakuna atakayemwita mwanamke isipokuwa ndugu zako, ambao tutawafikia.

Na kazini asivae saa yoyote. Nasema yoyote, hata ndogo, hata pete. Fundi anayeingiza mkono kwenye injini, karibu na betri, karibu na mikanda inayozunguka, anaweka vitu vyake kwenye droo kabla hajashika spana, na mwenye gereji alimwambia ukweli huo kwa heshima. Hilo si suala la kujadiliana, na usingoje nikuandikie tena.

Sasa tuje kwenye lile uliloliandika kwa haraka ukidhani nitalipita.

Mumeo alikwambia, "Hii ingemkaa kaka yako," nawe ukamjibu habari za unene wa Bonge. Bibie, mtu anayeitambua nati kwa ncha za vidole mahali asipopaona, unafikiri hatambui saa iliyopimwa kwenye mkono mwingine? Alijua tangu ulipomfunga. Alikutazama, ukaniandikia mwenyewe kwamba alikutazama. Amekuwa akiibeba aibu yako mkononi kwake, akaitobolea tundu, akaiwekea kitambaa, akaungua nayo, na wewe unaniuliza utamfichaje. Mficha uchi hazai. Hakuna cha kuficha hapo, kilichobaki ni wewe kusema.

Unashangaa kwa nini ulimwambia ni mzaha akaitikia sawa, kisha asubuhi akaivaa. Kwa sababu mzaha wako ulikuwa na mashahidi chumba kizima, na kuufuta kwako hakukuwa na hata mmoja. Akiivua, kaka zako wataona nini? Wataona mwiko, tena mwiko ulioshindwa kubeba zawadi. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na wewe usaha umeusafisha kwa mkono wako. Neno ulilolisema mbele ya ndugu zako utaliondoa mbele ya ndugu zako. La chumbani halimfai kitu.

Usinielewe vibaya, na yeye ana lake. Mwanaume mzima anayeingiza mkono kwenye moto ili asiseme kwamba ameumia, huyo naye amekosea, na siku ukishamaliza kuomba radhi una haki ya kumwambia hivyo. Lakini usianze na hilo. Wengi wenu mnaanza na kosa la mwenzenu ili lenu lionekane dogo.

Fanya hivi, na ufanye wiki hii. Leo akirudi, kabla hajanawa, mfungue wewe mwenyewe hiyo saa kwa mikono ile ile uliyomfungia. Mwambie, "Niliuonea aibu mkono wako, na nilikosea." Maneno hayo, kama yalivyo. Usiongeze kwamba Bonge alianza, usiongeze kwamba ulidunduliza, usilie mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza. Ukishasema, nyamaza. Akikasirika, ana haki ya kukasirika. Akinyamaza, mwache na kimya chake, usimjazie maneno.

Kidonda apelekwe zahanati, kuungua si kwa kusafishia nyumbani tu. Asubuhi aende gereji mikono mitupu, amwambie mwenye gereji mwenyewe kwamba saa imebaki nyumbani. Zile kazi zitarudi, maana nati hazijaacha kudondoka. Dukani mwende wawili. Muulizeni yule muuzaji kama atakubali kuibadilisha kwa nyingine, mkaongezea au mkarudishiwa kidogo, ingawa kwa lile tundu la msumari sitashangaa akikataa. Akikataa, muuzieni Bonge, si ilimkaa? Na kabla hamjanunua nyingine muulize mumeo kama anataka saa kabisa. Hukuwahi kumuuliza.

Kisha nendeni kwa mama. Wakiwepo wote, mahali pale pale sebuleni, sema kwamba yale maneno uliyoyasema umeyaondoa, na kwamba mkono huo ndio unaoweka chakula mezani kwako na hutaki kusikia tena ukiitwa mwiko. Watacheka, ndugu ndivyo walivyo. Bonge atatafuta utani mwingine, na mumeo atajiandaa kucheka kama alivyozoea.

Usimwache acheke peke yake. Mjibu kaka yako wewe, kabla mumeo hajafungua mdomo.