Cherehani Niliyoibeba Kanisani

Mama yangu mpendwa,

Mwaka umepita tangu tukuzike hapa Rumonge, na bado watu wananisimamisha njiani kunisifia moyo wako. Mama wa kutoa, wanasema. Naitikia, nacheka kidogo, napita zangu. Leo nakuandikia mbele ya wote, maana ulipokuwa hai sikuthubutu.

Unaikumbuka ile cherehani. Uliinunua kwa jasho la kukamua mawese misimu mitatu, ukaniambia ni yangu nikimaliza kujifunza kushona. Nikamaliza. Jumamosi ukasema nivae vizuri, kesho niibebe kanisani. Mimi nikajua inakwenda kuombewa, kama wavuvi wetu wanavyopeleka nyavu mpya kabla hazijagusa maji. Nani angewaza vingine?

Wakati wa matoleo nilijitwisha, nikatangulia nikicheza, kwaya ikiimba. Nilicheza, mama! Sijacheza hivyo tena. Nilipoitua, pasta akamwita mbele Mama Furaha, aliyekuwa amekimbia vita akavuka ziwa kutoka Fizi, ng'ambo, na watoto wawili na kitenge cha mwilini tu. Akamkabidhi yeye. Kanisa zima likapiga vigelegele. Nami nikapiga makofi, ningefanyaje?

Nyumbani nililia. Hukunibembeleza.

"Mutoto wangu, weye uko na mama," ulisema. "Yeye iko na nani?"

Ukaendelea kuchambua maharage.

Basi mimi ni mwanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, ufukweni Magara. Mvua ikitishia nakimbia kuzikusanya, na mikono inanuka hata Jumapili. Mama Furaha ana kibanda sokoni, wasichana wanne wanajifunza kwake. Simchukii. Natamani ningemchukia, ingekuwa rahisi. Ninayemkasirikia ni wewe, na ni aibu kumkasirikia marehemu anayesifiwa na mji mzima.

Wiki iliyopita nilipita sokoni akaniita, akanishika mikono yote miwili.

"Amahoro, dada. Mama yako alisema nipewe mashini, lakini ni weye uliileta. Niliona vile ulikuwa unacheza. Hapo nilijua unanipa na roho yote. Murakoze sana."

Nikamwambia hakuna neno. Nimepokea shukrani isiyo yangu, na mpaka leo sijui pa kuiweka.

Ungeniuliza, mama. Jumamosi ile tulikuwa wawili tu nyumbani, ungeniuliza. Labda ningekataa katakata. Labda ningenuna siku mbili, halafu ningesema haya, apewe. Sijui, na hilo ndilo linaloniuma. Ulitoa cha kwako kwa hiari yako, ukatoa na cha kwangu kwa hiari yako, wala hukuniachia nafasi ya kujua mimi ni mtu wa namna gani.

Pumzika, mama. Nimekusamehe mengi. Hili bado.

Ni mimi, binti yako wa pekee.