Karibu Niliyoitamka Gizani

Ntimaru, Jumatano, Oktoba 1996

Mvua ilinyesha alfajiri, ikakoma. Mchana ulikuwa wa jua kali. Nina neno zito na jua hilo, lakini kwanza nimalizane na watu.

Maoni yangu kuhusu Fundi wa picha wa Migori mjini yamo katika kurasa zilizotangulia, na siyafuti. Mtu yule huosha filamu za watu katika karai analoloweka mashati yake. Mwaka jana alinirudishia picha ya marehemu baba yangu ikiwa na alama ya kidole gumba shavuni. Nilipolalamika alinijibu huku akitafuna muwa, "Karani, si uso unaonekana? Unataka nini tena, akusalimie?"

Nilimwandikia barua ya malalamiko ya kurasa mbili. Nimeambiwa aliitumia kufungia maandazi.

Sasa, Mama Boke ni mjane ambaye mimi ndiye niliyemwandikia ombi lake kwa chifu. Marehemu mumewe alipanda mstari wa mikonge kuwa mpaka kati ya shamba lao na la nduguye, Marwa. Kwa hiari yangu niliupiga picha mpaka ule, mkonge baada ya mkonge, hadi filamu ikaisha. Wiki iliyofuata Marwa aliing'oa mikonge yote, akapitisha plau, na sasa anaapa kwamba pale hapakuwa na kitu. Ijumaa chifu na wazee watasikiliza shauri hilo. Ushahidi wote wa Mama Boke ulikuwa ndani ya kikopo kimoja cha filamu, mfukoni mwangu.

"Si umpelekee tu yule wa Migori?" aliniuliza Jumapili. "Hata kidole yake ikionekana kwa mkonge, chifu atajali?"

Nilicheka. Nikamjibu kwamba ushahidi wa mjane haupelekwi kwa mloweka mashati.

Kwa siku tatu nimekuwa nikiigeuza stoo yangu ya mahindi kuwa chumba cha giza. Nyufa nimeziziba kwa udongo, dirisha kwa magunia, mlango nimeutundikia blanketi. Nilinunua makarai matatu mapya: la dawa ya kuitoa picha, la maji, na la dawa ya kuigandisha ili mwanga usiiguse tena. Kitabu cha mafunzo nilikisoma mara nne. Hata komeo la mlango nilinunua.

Leo saa tisa niliingia. Niliifungua filamu gizani, nikaishika ncha zote mbili, nikawa naipandisha na kuishusha ndani ya dawa huku nikihesabu kwa sauti ya chini. Nilikuwa nikiwaza, kwa furaha isiyo nzuri, jinsi nitakavyozipitisha picha zangu mbele ya pua ya Fundi.

"Hodi!"

Nami, mtu anayewakaripia watoto wa hapa kwa kuwaitikia wageni "nani?", mtu anayeamini kwamba hodi isiyojibiwa ni ufidhuli, nilijibu kikamilifu.

"Karibu."

Mlango ukafunguka.

Alikuwa Mama Boke, amebeba kibuyu cha maziwa ya mgando, shukrani kwa kazi yangu. Jua lote la Ntimaru liliingia pamoja naye. Nilipiga kelele afunge, akafunga akiwa ndani, tukasimama gizani mimi na yeye na harufu ya dawa.

"Aii, Karani, umekasirika? Na nimekusikia ukisema karibu?"

Alinisikia vyema.

Sikumwambia. Nilikipokea kibuyu, nikasema kazi inaendelea vizuri. Katika yote niliyoyatenda leo, hilo ndilo linaloninyima usingizi kabla hata jua halijatua.

Alipoondoka niliigandisha filamu, nikaitoa nje. Ilikuwa nyeusi kutoka ncha hadi ncha, kama mkanda wa suruali. Hakuna mkonge hata mmoja. Komeo bado limo ndani ya karatasi ya dukani, juu ya gunia la mahindi.

Yule mpuuzi wa Migori hujifungia kwa kufuli akiwa kazini na hamjibu mtu. Niliwahi kuuita mwenendo huo ushenzi.

Nimeitafuta nakala ya barua ile ya malalamiko. "Umekiharibu, kwa uzembe na majivuno, kitu usichoweza kukirudisha." Sentensi imejengwa vizuri. Nimelikata jina lake, nikaandika langu, na sikuona haja ya kurekebisha neno lingine lolote.

Ijumaa nitasimama mbele ya chifu nieleze kwa mdomo mikonge niliyoiona kwa macho yangu, na filamu niliyoiharibu kwa mikono yangu. Marwa atacheka. Habari zitafika Migori, na Fundi atacheka zaidi.

Lakini hao ni wa Ijumaa. Kesho asubuhi, kabla ya chai, nitakirudisha kibuyu. Nitasimama nje ya mlango wa Mama Boke, nipige hodi. Akisema karibu, nitaingia na kumweleza. Akinyamaza, nitangoja pale pale, juani.