Diski nyeusi isifutwe

Asubuhi mliinamia vikombe vyenu, wanangu wote watatu, kana kwamba wanaofukuzwa kwenye nyumba hii ni watu wengine.

Baba yenu kachomeka diski yangu nyeusi kwenye televisheni aweke mechi zake. Televisheni ikashindwa kuisoma, ikauliza: niifomati, nifute vyote? Akanyoosha rimoti akubali. "Acha, mama watoto, ni vitu vya zamani tu." Vya zamani! Mle ndani mna video, mwenye nyumba anaahidi mbele ya wapangaji wote kwamba hatamtoa mtu. Baba yenu kasahau. Mimi nakumbuka hata shati alilovaa mwenye nyumba. Nikang'oa waya.

Nimetangulia kwenye baraza la ardhi na nyumba kushika zamu yetu. ~~Baba yenu asiguse kitu.~~ Hapana, afanye yeye mwenyewe, nanyi msimame hapo mkiona. Afomati diski NYEUPE, ile tupu, kwenye kompyuta. Achague muundo wa exFAT, si FAT32. Ile video ina giga sita, na FAT32 haipokei faili linalozidi giga nne. Anakili video kutoka ile nyeusi, aifungue ahakikishe inacheza.

Dirisha la jikoni lifungwe.

Tunaitwa saa nne. Mnyang'anyeni rimoti, mwinueni kwenye kochi, mniletee hiyo diski nyeupe. Sasa hivi!

Mama