Chaja ya Baba Mkwe

Jumanne, 3 Juni 2025

Amelamba. Nimeona kwa macho yangu mawili. Baba mkwe amechomoa waya wangu kwenye simu yangu, akaweka ncha ulimini, akafumba macho kama anaonja mchuzi, akasema moto upo. Kisha akauchomeka kwenye simu yake. Nikatoka nje kutema mate, mimi ambaye sikulamba kitu.

Nimemuuliza kwa adabu. Anasema betri za redio walizipima hivyo, ikikuwasha ulimi ni nzima. Nikamwambia Baba, waya wa simu si betri ya redio. Akasema umeme ni umeme.

Saluni nashika vichwa vya watu kutwa — jasho, mba, mafuta ya juzi — na sijawahi kuona kinyaa kama cha leo. Waya nimeufuta kwa spiriti mara tatu. Bado nauona una mate.

Alhamisi, 5 Juni

Waya wangu nimeuficha kwenye kopo la unga wa uji wa mtoto. Mzee naye kajinunulia chaja Nyakanazi, kwa wale wanaokimbilia madirisha ya mabasi. Haina jina, nyepesi kama ganda la yai. Waya ni ule wake wa zamani, umechunika shingoni hadi nyuzi zinaonekana. Ameufunga plasta ya kidonda. Iliyokwisha kutumika! Ina damu ya kidole chake.

Jioni ananiuliza: Mama Ishimwe, simu yako haina nafasi ya laini yangu, Keza asinikose? Nikasema imejaa. Yakaisha.

Keza ni kitinda mimba wake. Sijawahi kumwona, aligombana na baba yake akaondoka kabla sijaolewa hapa Kanazi. Namba aliyoishika kichwani ni moja tu, ya mzee. Alipiga siku ya Pasaka, kwa simu ya kuazima. Akasema Baba, nataka kukuambia — simu ya mzee ikaisha chaji. Ilipowashwa, mzee akapiga namba ile. Mwenye simu akasema ni msichana tu aliyemwomba pale stendi ya Nyakanazi, keshapanda gari.

Tangu hapo mzee hataki simu ishuke chini ya asilimia themanini. Mchana iko kwenye soketi. Usiku iko kwenye soketi, chini ya mto anaolalia.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemuuliza Telesfori, fundi simu wa kibanda cha pili kutoka saluni. Anasema kuazimana chaja si dhambi, simu huvuta kiasi inachotaka. Shida ni chaja feki, haina cha kuzuia moto ukizidi. Na waya uliochunika. Na kulaza simu kwenye godoro inapochaji, joto linakosa pa kutokea. Akauliza kama imeanza kuvimba. Nikasema sijui, siisogelei. Akacheka: unashika chawa wa watu, unaogopa simu ya mkweo.

Anacheka kwa sababu hajaiona ile plasta.

Jumatatu, 9 Juni

Imevimba. Nimeiona mchana mezani, kando ya bakuli la maharage, ndiyo, mezani tunapokula. Kioo kimebanduka upande mmoja. Mzee ameibana kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, anasema itarudi.

Nikamwambia Baba, hii isichajiwe tena, itawaka. Akasema taratibu, bila kuniangalia, kwamba ikizima tena Keza atadhani baba yake amemkatia kwa makusudi. Ugali ukanishinda. Sijui kama ni kinyaa au ni nini.

Nimempigia Fideli. Mume wangu yuko Biharamulo anajenga, kila kitu kwake ni chepesi. Mwache mzee, anasema. Kwani ndiye anayelala ukuta mmoja na hiyo simu? Ni mimi na mtoto. Na siwezi kuingia kuitoa. Mkwe haingii chumba cha baba mkwe, hagusi kitanda chake. Hata jina lake silitamki. Hata humu daftarini siliandiki.

Jumatano, 11 Juni

Nimetoa waya wangu kwenye unga, na chaja yangu nzuri, nikampa vyote. Amenishukuru sana. Akaulamba.

Telesfori anasema nimechelewa. Chaja nzuri haiponyi betri iliyovimba. Mpya ameagiza Kahama, labda wiki ijayo.

Jumapili, 15 Juni, asubuhi

Nimekaa kizingitini, Ishimwe mgongoni, mwandiko unakwenda upande. Nikiacha kuandika nitalia.

Mzee alikwenda misa ya kwanza. Katekista hataki simu kanisani, kwa hiyo aliiacha ijae. Nikasikia harufu ya plastiki. Nikaita mlangoni, kana kwamba yupo. Kisha nikaingia. Nimeingia chumbani kwa baba mkwe. Nimeinua mto wake. Shuka limepata doa la kahawia, la duara. Nikazima swichi ya ukutani, nikachomoa, nikaisukuma kwa ufagio ikaangukia kwenye karai, nikakimbia nayo hadi kwenye mchanga wa kujengea wa Fideli, mbali na nyumba. Nimempigia Telesfori. Amesema isiguswe na mtu mpaka aje aione.

Moshi hakuna. Inazidi kuvimba, tyubu imekatika.

Na sasa inaita.

Naiona kutoka hapa. Inatetemeka kwenye karai, kioo kinawaka. Hiyo laini ingekuwa kwenye simu yangu ningeshapokea. Simu yangu ina nafasi mbili. Moja iko wazi tangu nilipoinunua. Nilimdanganya mzee wa watu kwa sababu sikutaka sikio langu liwe mahali pa sikio lake. Kurasa zote hizi nimeandika mate, mate, plasta. Leo najionea kinyaa mwenyewe.

Imenyamaza.

Imeanza tena.

Mzee ametokeza migombani, watu wanarudi kutoka misa. Amesimama. Ameutambua mlio wake. Anakimbia, na koti la kanisani na umri wote ule, anaita Keza, Keza, kama binti mwenyewe ndiye yuko ndani ya karai. Naweka kalamu. Lazima nikasimame kati yake na ile simu, na sijui nitamwambia nini.