Kaburi Lako Kule Nebraska

Baba Njeri,

Sikuulizi hali, maana najua umelala na hulalamiki. Nakuandikia kwa mkono wangu huu wa darasa la tatu, na makosa yakiwemo, yawemo. Watoto wataisoma barua hii, na wa kanisani wakitaka nao wasome, ili kesho mtu asije akasema Mama Njeri alinyamaza. Njeri ameniletea karatasi nitie sahihi. Anataka ufukuliwe kule Nebraska uletwe hapa Toronto, uzikwe karibu na sisi. Ziko mezani tangu Jumapili. Nimezifunika na sahani.

Kwanza nikugombeze. Nani alikutuma ufie kule?

Njeri alipopata kazi ya unesi kwenye ile hospitali ndogo, tukaitwa tukalee wajukuu, mimi nilidhani tunaenda Amerika ya kwenye televisheni. Tukashuka garini. Nikatazama mbele, nyasi. Nikatazama nyuma, nyasi. Barabara imenyooka kama imepigwa rula, haina hata kona moja ya kumpa mtu matumaini. Vilima vyenyewe vya mchanga, vifupi, vimelala kama migongo ya ng'ombe. Mto ni mmoja, na mwezi wa nane hata huo unauvuka bila kuvua viatu. Nikakuuliza, "Watu wako wapi?" Ukanyoosha kidole. "Si hao, Mama Njeri." Walikuwa ng'ombe. Ukacheka mpaka ukakohoa.

Kwetu kaunti ni kitu kikubwa, ina gavana na ving'ora. Ile yao ilikuwa pana hivi kwamba unaendesha gari asubuhi nzima na bado uko ndani yake, lakini watu wake wote ungewaingiza kwenye jengo letu hili la Dixon Road na orofa za juu zikabaki tupu. Jina lake lilinishinda ulimi hata leo. Duka moja. Mahakama moja ya matofali, saa yake imekufa. Maghala ya nafaka marefu kando ya reli, ndiyo yaliyokuwa mlima wao. Jirani ulimjua kwa vumbi la gari lake kabla hujaona gari. Na kwa vile watu walikuwa haba, kila mmoja alibeba kazi za watatu. Darlene, yule mama wa nywele nyeupe, aliendesha basi la shule, akapiga kinanda kanisani, na akakata nyasi makaburini. Nikamwonea huruma. Wewe ukaniambia, "Hapa hakuna mtu wa ziada, ndiyo maana napapenda."

Na kweli ulipapenda, mzee wangu. Asubuhi ulitoka na ile kofia yako ukasimama barabarani bila kazi. Gari likipita, dereva aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, hiyo ndiyo salamu yao. Wewe ulijibu kwa mkono mzima kama anayeomba kura.

Unakumbuka siku ya sensa? Darlene alikuja na karatasi, hiyo ikiwa kazi yake ya nne. Wewe hukuwepo. Mjukuu wetu Wambui, wakati huo ana miaka saba, ndiye aliyetafsiri.

"Shosho, anauliza humu ndani tuko wangapi."

"Mwambie tuko wa kutosha."

"Shosho, anataka namba."

"Namba ya nini? Hata mbuzi wa baba yangu hawakuhesabiwa, sembuse wewe? Mwambie akae anywe chai."

Alikunywa vikombe viwili, akashukuru, akaondoka na karatasi nyeupe vilevile. Uliporudi ulinipigia kelele. "Umefanya nini wewe! Watu hawa wakionekana wamepungua wanafungiwa shule!" Nikakujibu kwamba mama yangu alinifunza, ukihesabu watu wa nyumba unakiita kifo kije kichague. Na mama yako naye alikufunza hivyohivyo.

Ukatoka ukamwita Darlene arudi. Ukasimama mlangoni na kofia mkononi, ukamtajia: "Kuna Njeri. Kuna mume wa Njeri. Kuna Wambui, kuna mdogo wake. Kuna Mama Njeri, huyo mkali. Kuna mimi, Muchiri." Darlene akawa anakunja vidole vyake mwenyewe. Namba hukuitamka, aliyehesabu ni yeye. Tukacheka wote, na nikakuona una akili kuliko siku zote.

Mwaka haukuisha, ukafa.

Leo nasema jambo ambalo sijalisema. Nilikukasirikia. Nikamkasirikia na Darlene na vidole vyake. Nilikaa kitandani nikasema, si niliwaambia? Siku ya mazishi nilitaka kumfukuza. Lakini wakaja. Magari yalipangana kando ya barabara mpaka kilimani, mabakuli ya viazi na jibini yakajaa jikoni pasipo pa kuweka kikombe. Wanaume walichimba kwa mikono yao. Na kila aliyenipa mkono alisema, "Muchiri." Walilitamka vibaya, Baba Njeri, vibaya sana, lakini hakuna aliyelisahau. Nikaona mimi ndiye mjinga. Moyo wako ulikuwa mbovu tangu tuko Kiambu, na zile dawa nilizikuta baadaye chini ya godoro, umezificha kama mtoto. Hilo sijakusamehe.

Sasa tuko huku. Njeri alipata kazi nzuri zaidi, na sikatai, unga wa ugali tunapata, kanisa tunaimba Kiswahili. Lakini kwenye lifti nimewaamkia watu mwaka wa tatu sasa. Kijana mmoja alitoa vidude vyake masikioni akaniuliza kama nimepotea. Ndege zinapita juu ya kichwa kutwa, zimejaa watu, na sijui hata mmoja.

Njeri alinipeleka nikaone mahali anapotaka kukuleta. Pazuri, siwezi kusema uongo. Kijana wa tai akatuonyesha kwenye kompyuta sehemu, safu na namba. Nikamwuliza, nani atakuwa akimkatia nyasi mume wangu? Akasema kampuni. Nikamwuliza, anaitwa nani huyo? Njeri akanivuta mkono.

Juzi Darlene akapiga simu. Wambui akatafsiri, na siku hizi anatafsiri kwa kununa. Wazee wengine wamekwenda, vijana wamehamia Omaha, basi la shule limebaki na viti vingi. Ng'ombe waliruka ua wakalisukuma jiwe lako, amelinyoosha. Amesikia tunakuchukua. "Anasema ni sawa, Shosho. Anasema ni wenu."

Jana nikaitoa ile sahani. Nikamwambia Njeri sitii sahihi.

Akalia. "Mama, ni baba yangu. Ni siku mbili kwa gari! Nataka kumwona." Na ana haki, nami nilimkaripia kabla sijamsikiliza, ndivyo nilivyo. Nikamkalisha. Nikamwambia aombe likizo ya kiangazi, tutakwenda wote, na Wambui akasalimie kwa mdomo wake badala ya simu. Lakini kumng'oa mtu mahali alipopachagua, mahali anapojulikana, sitaki. Na nikamwagiza alete karatasi nyingine, ya kile kipande kilicho kando yako.

Akaruka. "Mama! Kule nani atakuja kukutembelea?"

"Nitakuwa na mume wangu. Ulifikiri sisi tutakaa tukingoja wageni?"

Akacheka na machozi yake, kisha akaenda kupiga simu. Nilimsikia akimwuliza Darlene kama nafasi hiyo bado ipo. Ipo.

Kwa hiyo tulia, hakuna atakayekugusa. Mimi sina haraka, usinivute. Wambui hajamaliza shule na kuna mengi sijamgombeza. Ila siku nitakapofika nikukute umelala upande wako. Miaka yote ya ndoa ulijitandaza kitanda kizima, mimi nikalala ukingoni nimeshika godoro nisianguke. Safari hii sivumilii. Anza kusogea.

Mkeo,
Mama Njeri