Mwisho wa Wimbo wa Shati

Koboko, Jumapili jioni

Zaina ameilamba redio sasa hivi. Ule wimbo wa zamani ulipoanza alitikisa makalio kwanza, kisha akaishika redio kwa mikono miwili, akailamba. Ana mwaka mmoja tu na tayari anaupenda.

Ni wimbo wa askari anayeagana na mkewe. Anamwambia, kila Jumapili fua shati langu jeupe, lianike, siku nitakayofika nitalivaa. Hapa kwetu karibu kila nyumba ilitoa askari, kwa hiyo kina mama wote wanaujua. Lakini mtangazaji huukata katikati ili asome salamu za watu, na leo ameukata tena. Sijawahi kusikia mwisho.

Baba Zaina alienda Juba na lori. Leo ni siku ya tano hajapiga simu. Nimefua shati lake. Najua ni ujinga.

Mama mkwe alikuwa anachambua majani ya kunde. Nikamuuliza, "Mama, yule askari mwisho anarudi?"

"Mwisho ya nini? Wewe fua tu."

"Niambie, mama."

Akaendelea kuchambua. Mume wake mwenyewe aliondoka na jeshi, hakurudi. Halafu akasema, "Anarudi. Anakuta shati iko kwa kamba, lakini tumbo imekuwa kubwa, vifungo inakataa!"

Tulicheka mpaka Zaina akashtuka. Najua ubeti huo ameutunga yeye. Nimeupenda hivyo hivyo.

Ananiita kutoka jikoni: "Mama Zaina, kimbia, simu yako inalia!" Naacha hapa, labda ni