Ushindi Nane, Vichapo Tisa

Kaplong,
Sotik, Bomet.
Jumapili, 1 Februari 2026

Mpendwa mpwa wangu Clifford,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, na kama baridi ya huko Ohio imeyagandisha masikio yako, basi hizi zikupashe moto. Natumaini u mzima, kifua hakikusumbui, na lile goti la kushoto limetulia. Unakula vizuri? Mama yako ananiuliza swali hilo kila siku, nami nimechoka kujibu mambo nisiyoyajua.

Sisi hatujambo. Mgongo wangu unauma asubuhi na kuacha saa nne, kama karani anayetoka kwenda kunywa chai. Auntie yako Celine alilala na homa mwezi wa Desemba lakini amepona, na kelele zake zimerudi zote. Jua la Januari limetukausha. Majani ya chai ni machache, kikapu kimoja kinamaliza asubuhi nzima kabla ya kujaa, lakini mvua si mbali, naisikia kwenye huo huo mgongo.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako haishikwi. Tangu tarehe nne Januari, siku ya mechi yenu ya mwisho, ujumbe wetu unafika lakini hausomwi. Maxine, binti wa jirani yenu, anarudi Jumanne kwenye masomo yake ya uuguzi huko huko Ohio, na ameniahidi kwamba atakuwekea karatasi hii mkononi. Karatasi haizimwi.

Ulimwandikia mama yako mara moja tu. Ulisema, "Siji tena Februari. Msitayarishe chochote. Sina cha kuleta." Dada yangu alinisomea maneno hayo mara tatu, halafu akachukua ndoo akaenda kumkamua ng'ombe aliyekuwa amekwisha kukamuliwa.

Sasa tuyaseme yalivyo. Timu yenu ya futiboli ya Kimarekani imeshinda mechi nane na kupoteza tisa. Wewe umepiga mipira thelathini na mmoja kuelekea milingoti, ukaingiza ishirini na sita. Ule wa mwisho, ambao ungewaingiza kwenye mchujo, uligonga mlingoti wa kulia ukarudi uwanjani. Nimeutazama mara nyingi kuliko nilivyotazama picha za harusi yangu.

Hukujua tulikuwa tunakufuata hivyo. Kila Jumatatu dada yako Janeffer alikuja na vipande vya mechi kwenye simu yake, wakati tunangoja lori na majani yetu kwenye kituo cha kupimia chai. Watu kama kumi na wanane tuliinamia kisimu kimoja. Bogonko, karani wa mizani, alisimamisha kupima mpaka upige. Siku ya mlingoti tuliurudia mpira ule mara tatu. Mwishowe Bogonko akasema, "Hiyo upepo ndio mbaya. Kijana hana makosa." Akarudi kwenye mizani yake, akamkatalia mama mmoja majani kwa hasira, na majani yenyewe yalikuwa laini kabisa.

Mimi hata jezi nilinunua, pale soko la Chepilat, mitumba safi, kijani kama yenu. Nikaivaa kanisani siku ya shukrani, nikaketi mbele. Janeffer ndiye aliyenieleza baadaye kwamba ni jezi ya wale waliowachapa mara mbili. Sasa naivaa nikikata nyasi za ng'ombe.

Clifford, wewe unafikiri msimu wa katikati ni aibu. Aibu hiyo uliisomea huku kwetu, sikulaumu. Huku mwanamichezo akitoka ng'ambo anarudi na dhahabu shingoni, kijiji kizima kinamngoja barabarani, anapewa mursik, yale maziwa ya kuchachushwa, anywe kwenye kibuyu na watu wanapiga picha. Wale wengine waliokimbia naye, hatujui hata walirudi siku gani. Nawe umejihesabu kati ya hao wengine.

Lakini mimi nilikuja huku kutoka upande wa ziwa nikiwa kijana, nikaajiriwa kukausha majani kiwandani, na kwa miaka kumi na moja nililinda lango la timu ya kiwanda. Tulimaliza wa saba, wa sita, wa nane, wa saba tena. Kombe hatukuleta, daraja hatukushuka. Na kila Jumamosi watu walitoka kwenye nyumba za wafanyakazi na watoto wao na mahindi yao ya kuchoma, wakaujaza uwanja. Unadhani hawakujua kwamba sisi ni wa saba? Walijua sana. Walikuja kwa sababu tulikuwa wao. Kwa hiyo katika mambo ya katikati mimi ni profesa, nawe unikalie kimya nikufundishe.

Sasa nikuambie jambo usilolijua, na baba yako hajui kwamba naliandika.

Unafahamu kwamba baba yako, mzee Kipkosgei, hajakanyaga kituoni hata Jumatatu moja kukutazama. Husema mchezo huo hauna maana, watu wazima wanalaliana. Basi Jumatano iliyopita nilimpelekea dawa ya kupe, nikaingia zizini. Nyuma ya mlango, pale anapoandika kwa makaa tarehe za ng'ombe kupandishwa na kuzaa, nikaona mistari mingi. Nikaihesabu. Ya kusimama minane, ya kulala tisa, na imefuatana vile vile mlivyocheza. Nilipomwuliza, akasema, "Hiyo ni mambo ya ng'ombe." Ng'ombe wake ni wanne.

Alhamisi nikamkuta nyuma ya jiko, ameketi kwenye kigoda, kibuyu cha marehemu bibi yako Chepchumba kiko katikati ya magoti, anakisugua ndani kwa kijiti kilichochomwa. Unajua hiyo ni kazi ya kina mama. Unajua pia kwamba Eddah, ingawa ni mama yako na ni dada yangu wa damu, hajawahi kuiweza mursik, na ya mwisho aliyojaribu hata paka aliikataa. Tangu bibi yako atuache kibuyu hicho kilikuwa kinaning'inia ukutani tu. Nikamwambia, "Shemeji, si kijana amesema haji?" Hakuinua macho. Akajibu, "Maziwa inataka wiki mbili."

Halafu, bila kuulizwa, akanipa habari za mwaka wa tisini na mbili. Nimeishi naye kama ndugu miaka thelathini na sikuwahi kuzisikia. Alikwenda Nairobi kukimbia mita elfu kumi, wakitafutwa watatu wa kupelekwa ng'ambo. Akawa wa nne. Hapa nyumbani watu walikuwa wamejaa langoni, na bibi yako amekitayarisha kibuyu hicho hicho. Baba yako akashuka Kaplong, akakata ndani kwa ndani kwenye chai za watu, akaingilia ule upenyo wa ua wa nyuma, akajifungia chumbani. Watu walingoja mpaka mvua ikawafukuza. Maziwa waliyanywa wao siku ya pili, yeye hakuonja. Hakukimbia tena maishani, na viatu vyake kuku walitagia mayai.

Nikamwuliza bibi alisema nini siku hiyo. Alikiinamisha kibuyu akakung'uta majivu. Akasema, "Mama hakuniuliza nimekuwa namba ngapi. Aliniuliza kama nimekula. Mimi nikamwambia aondoke hapo kwa mlango."

Nilirudi kwangu nikilia, mpwa wangu, na mimi si mtu wa kulia. Nilifungwa mabao sita na watu wa kiwanda jirani, mbele ya Celine tukiwa bado wachumba, na sikulia.

Kwa hiyo nakuambia wazi, njoo. Tiketi yako ya tarehe kumi na nne bado inafanya kazi, Janeffer ameangalia. Kama utachezea timu hiyo tena au utaacha, utaamua ukiwa umeshiba. Mimi naona utacheza. Mtu wa ishirini na sita kati ya thelathini na mmoja si mtu wa kuacha, na mwakani mlingoti ule utakuwa pale pale, wewe ndiye unayeweza kusogea. Lakini hayo ni ya baadaye. Kibuyu kilijazwa Alhamisi, piga hesabu mwenyewe.

Sina wasiwasi hata kidogo kwamba utakuja. Nimeshamwambia Bogonko tarehe, naye amewatangazia wakulima wote kituoni, kwa hiyo usiponifanya mwongo nitakushukuru.

Mama yako anakusalimu, na anasema ulete soksi nzito, huku asubuhi bado ni baridi. Auntie yako Celine anakusalimu na kuuliza kama kuna msichana. Janeffer anakusalimu ingawa amekununia. Bogonko anasema msalimie kocha na umwambie mkao wa wale wanaokushikia mpira si mzuri, sijui ameusomea wapi. Baba yako hajatuma salamu, lakini ukisoma tena huko juu utaziona.

Mungu aliyekuvusha maji yale makubwa akurudishe mlangoni kwenu ukiwa salama, miguu yote miwili, na akupe moyo wa kukaa na watu wako.

Ni mimi mjomba wako, akupendaye ukiingiza na ukikosa,

Oyugi

Nimeifungua bahasha tena, leo ni Jumatatu asubuhi. Nimepita kwenu sasa hivi, nikakuta baba yako ameuziba ule upenyo wa ua wa nyuma, kwa miiba na waya mpya, hata kuku hapiti. Kuanzia leo sote tunazunguka kupitia langoni. Nimemwuliza sababu. Anasema ni mbuzi wa jirani wanaoingia kwenye chai. Jirani mwenyewe ni baba yake Maxine. Maxine akikupa barua hii, mwulize kama kwao wamewahi kufuga mbuzi.